Bei Tatu za Gauni la Mama Tausi

Kabla sijasema lolote, naapa: kila neno la hapa limepita kwa mkubwa wangu, limegongwa muhuri mbele na nyuma, na neno lililokataa kugongwa nimeliacha nje. Kwa hiyo asije mtu akaniambia nimetia chumvi. Chumvi ina kibali chake, na mimi sina.

Nchi yenyewe sitaitaja. Si kwa woga, la hasha. Ni kwamba jina lake limetangazwa zabuni na mshindi bado hajapatikana. Tosheka kujua kuwa ni nchi njema, ina milima miwili, mito mitatu na wizara arobaini na nne, na mimi ni karani wa daraja la tatu katika Ofisi ya Thamani Halisi, dirisha namba mbili. Dirisha namba moja la jengo hili la zamani halijawahi kufunguliwa tangu tupate uhuru.

Ofisi yetu ilizaliwa kwa machozi. Wananchi walikuwa wameshika simu mchana kutwa, wanaagiza nguo ng'ambo kwa watu wasiowajua, kwa kuangalia picha tu. Mtu anaona gauni limevaliwa na binti mrefu aliyesimama kando ya bwawa la kuogelea, anadhani akilipa ataletewa gauni, urefu na bwawa. Mwalimu mmoja aliagiza suruali, ikaja yenye mguu mmoja na barua ya kumweleza kuwa mguu wa pili unauzwa peke yake. Wananchi walilia, wakanyamaza, kama kawaida yao. Lakini siku Mke wa Mkuu wa Nchi alipoagiza koti la manyoya likaja la kumtosha paka, hapo serikali iliguswa sana na mateso ya wanyonge. Sheria ya Thamani ilipita Bungeni kabla ya chai ya saa nne.

Sheria ni nyepesi. Nguo ya ng'ambo haitoki kwetu mpaka thamani yake ilingane na pesa iliyolipwa, bila kuzidi wala kupungua. Ukilipa zaidi ya thamani, umeitia nchi hasara: miezi sita. Ukilipa pungufu ya thamani, umemnyonya muuzaji na kuharibu ujirani mwema: miezi sita vilevile, maana sisi hatuna upendeleo. Na nguo lazima ipimwe ikiwa imevaliwa. Nguo isiyo na mtu ndani ni kitambaa, na vitambaa vyote viko chini ya Wizara ya Pamba, ambayo hatusalimiani nayo.

*

Mama Tausi alikuja Jumatatu asubuhi. Kwenye fomu ni Mwanaidi Kilungo, muuza vyombo vya plastiki sokoni, lakini nani anamwita hivyo? Binti yake Tausi alikuwa anaolewa Jumamosi ya wiki hiyohiyo. Na kwetu, nisikufiche, siku ya harusi bibi harusi huangaliwa mara moja tu, kisha macho yote humhamia mama yake: amevaa nini, kapaka nini, kakonda au kanenepa. Mama Tausi alikuwa ameagiza gauni lake ng'ambo tangu miezi mitatu nyuma.

Tulifungua kifurushi mbele yake. Kwenye picha gauni lilikuwa la dhahabu, la kisamaki, limebana panapotakiwa na kuachia panapotakiwa. Lililotoka ndani lilikuwa na rangi ya mchuzi wa jana, mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake, na lile la kisamaki lilikuwa kweli la kisamaki, kwa maana halikuwa na mahali pa kupitisha miguu miwili. Lilikuwa limeandikwa "kubwa", lakini ukubwa wa huko ni wa watu wa huko.

"Yarabi," alisema Mama Tausi. "Ndilo hili?"

"Ndilo," nikamjibu. "Nenda pale nyuma ya pazia ulivae."

Makarani watatu wa kike walimwingiza. Nilisikia mtu akihesabu moja, mbili, tatu, halafu yowe. Alipotoka alikuwa anapumua kwa zamu. Nikapiga lakiri ya serikali kwenye zipu, risasi na waya, kama sheria isemavyo, na nguo alizokuja nazo zikapelekwa ghala namba tisa kwa sababu nazo zilikuwa na dalili za ung'ambo.

"Sasa, mama," nikamwambia, "taja bei uliyolipa. Kwa sauti. Sheria inataka sauti."

Hapo ndipo maskini alipokosea, na kosa lenyewe ni la kwetu kabisa, mgeni hawezi kulifanya hata akifundishwa. Aligeuka nyuma. Na nyuma yake kwenye foleni alikuwa amesimama nani? Mama Nyamizi, jirani yake ukuta kwa ukuta, mwenye kifurushi chake kwapani na masikio yote mawili mbele.

Mama Tausi akainua kidevu.

"Laki na nusu," akasema.

"Laki na nusu!" akaitikia Mama Nyamizi. "Shoga, mwaka huu umeamua."

Nikaandika laki na nusu. Mimi ni kalamu tu.

*

Labda wewe unayesoma ni wa mbali, nikueleze. Kwetu kila nguo ina bei tatu. Iko bei ya muuzaji, hiyo haiambiwi mtu. Iko bei ya mume, ambayo ni nusu au chini ya nusu, ili nyumba ilale salama. Na iko bei ya jirani, ambayo haina dari. Huo si uongo, ni malezi. Marehemu mama yangu alikuwa na kanga ambayo baba alikufa akijua ilitolewa bure.

Na risiti je? Wapo wajuaji wanaoniuliza. Jamani, risiti ni maneno ya muuzaji, na muuzaji si raia. Sheria inataka tamko la mnunuzi, likiungwa mkono na mashahidi wawili, mmoja wa ndani ya nyumba na mmoja wa nje. Wote watatu wakitaja bei moja, hiyo ndiyo bei ya kweli. Thamani nayo tunaiandika palepale, sawasawa na bei, na mtu anakwenda zake. Ndiyo, thamani hupatikana baada ya bei. Ungetaka ipatikane kabla, tungeijuaje?

Mtazame Mama Nyamizi. Alitaja laki moja na themanini kwa blauzi ambayo nisingefutia baiskeli. Mume wake akaja, akataja laki moja na themanini huku machozi yakimlengalenga. Dada yake akaja, laki moja na themanini. Mwanamke yule alikuwa na uongo mmoja kwa watu wote, mume, jirani na dola. Akatoka saa hiyohiyo na blauzi yake. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, na kwetu ni fupi kweli, hatua kumi na mbili toka dirishani hadi mlangoni.

Kabla hajaondoka tukamwandika awe shahidi wa nje wa Mama Tausi. Laki na nusu, akathibitisha, na kidole gumba akaweka.

Ikabaki shahidi wa ndani. Jumanne akaitwa Mzee Kilungo, fundi baiskeli, mtu wa taratibu, mwenye kofia mkononi na imani kwa mkewe.

"Bei?" nikamuuliza.

"Elfu ishirini," akasema, akatabasamu, na akageuka pande zote ili watu wamsikie. "Mke wangu ana jicho la kununua. Wenzake wanapigwa, yeye hapigwi."

Mama Tausi alikuwa ameegemea benchi, maana gauni halikumruhusu kukaa. Alifumba macho.

Nikafunga faili kwa heshima. Elfu ishirini ikiwa thamani, kwa bei ya laki na nusu alikuwa ameitia nchi hasara. Laki na nusu ikiwa thamani, kwa bei ya elfu ishirini alikuwa amemnyonya muuzaji. Makosa yote mawili, mtu mmoja, gauni moja, jambo ambalo halijawahi kutokea, na hakuna aliyejua aanze kutumikia miezi sita ipi. Ikaamuliwa abaki palepale mpaka itakapojulikana.

*

Jumatano na Alhamisi idara zilifanya kazi usiombe. Idara ya Picha ililinganisha gauni na picha yake, ikaandika kwamba picha ni nzuri sana na inapaswa kupandishwa cheo. Idara ya Mshono ilivuta uzi mmoja begani, mkono mzima ukaanguka, ikaandika kuwa uzi unafuata amri. Idara ya Nyota, yenye watumishi kumi na saba, husoma sifa ambazo wanunuzi wa ng'ambo wameandika chini ya picha. Ilitoa ripoti ya kurasa sitini. Mnunuzi mmoja alitoa nyota tano na kuandika: zuri sana, nimempa mama mkwe. Mwingine nyota tano: halijafika bado. Idara ikahitimisha kuwa wateja wameridhika kwa asilimia mia.

Katika yote hayo Mama Tausi alikuwa ndani ya gauni. Haogi, hainami, hawezi kuinua mkono akajikuna. Chai tulimnywesha kwa mrija. Nisiseme uongo, nilimhurumia, ingawa huruma kwa cheo changu mwisho wake saa nane mchana.

"Bwana karani," aliniita Alhamisi, "wewe una mama?"

"Marehemu."

"Alikuwapo siku ulipooa?"

"Alikuwapo. Alilia kuliko wote."

"Sasa mimi nina mtoto mmoja. Mmoja! Nimezaa watano, Mungu kaniachia huyo. Nimemlea kwa kuuza mabeseni jua kali. Nikatie hiyo zipu, baba. Nitoke hata na kanga ya kuazima. Gauni bakini nalo, lipikeni mle."

"Mama, nikikata lakiri ya serikali nitakuwa nimeharibu ushahidi."

Sikupenda alivyonitazama.

Ijumaa Mzee Kilungo alileta wali kwenye bakuli. Mama Tausi akamvuta pindo la shati, maana mkono haukupanda zaidi ya hapo.

"Baba Tausi, ukiitwa tena sema laki na nusu."

"Kwani ulinunua laki na nusu?"

"Hapana."

"Basi niseme uongo serikalini kwa nini? Mimi nina umri huu sijawahi."

"Sema tu, mume wangu. Harusi kesho."

Mzee akakuna kichwa. "Mama Tausi, kama si laki na nusu, na watu wanasema laki na nusu, ni ngapi?"

Bei haikumtoka. Ungedhani neno lenyewe limebanwa na lile gauni. Miaka ishirini na sita ya ndoa, bei ya muuzaji haijawahi kutamkwa ndani ya nyumba ile. Akashauriwa na wenzake wa benchi, nao wamefungwa lakiri zao, kwamba basi amwombe Mama Nyamizi ateremke hadi elfu ishirini. Akaruka kama kaguswa na moto, kadiri gauni lilivyomruhusu kuruka.

"Yule? Mdomo wake hauna kifuniko! Jumapili mji mzima utasema mama wa bibi harusi kavaa gauni la elfu ishirini. Wakwe watasema nini? Watamwambia mwanangu kila wakigombana. Afadhali nife humu."

Wakamwambia kata pua uunge wajihi. Akasema pua yake haiingii kwenye mambo hayo.

*

Jumamosi asubuhi ngoma zilisikika mtaa wa pili. Ofisi yetu hufunguliwa Jumamosi kwa ajili ya kufunga mahesabu ya kufunguliwa Jumamosi. Mama Tausi alisikia vigelegele vya shangazi za Tausi, kila kimoja akakitambua mwenyewe: "Huyo dada Mwamvua. Huyo yule wa kijijini Kidogozero." Machozi yakamtoka, na hakuweza kuyafuta.

Mashahidi wote wawili waliitwa mara ya mwisho. Mzee Kilungo na koti lake la harusi, Mama Nyamizi na blauzi yake. Na kwa kuwa kesi ilikuwa ya ajabu, akateremka Mthamini Mkuu mwenyewe, Mheshimiwa Daktari Maburungutu, ambaye tulikuwa tunamjua kwa picha tu.

"Wananchi," akasema, na tukasimama, na waliokuwa wamesimama wakasimama zaidi. "Taifa lisilojua bei ya gauni haliwezi kujua bei ya barabara. Sisi barabara tunazijua. Kwa hiyo, mama, kwa niaba ya vizazi vijavyo, gauni hili ni shilingi ngapi?"

Mama Tausi alimtazama mumewe. Akamtazama jirani yake. Nje ngoma zilikuwa zinasogea.

"Elfu arobaini na tano na mia saba!" akapiga kelele. "Mmesikia? Arobaini na tano na mia saba! Si laki na nusu, shoga, nilikudanganya, na lile la Idi nalo nilikudanganya. Si elfu ishirini, baba Tausi, sijawahi kununua kitu cha elfu ishirini tangu unioe! Arobaini na tano na mia saba, nimeibiwa, ni baya, linanuka mafuta ya taa, na mimi ni mjinga. Sasa nifungueni nikamwozeshe mwanangu!"

Mama Nyamizi alishika kifua. Mzee Kilungo aliketi polepole kwenye kiti kisicho chake.

"Arobaini na tano," akasema mzee kwa sauti ndogo. "Mke wangu, mbona si mbaya hivyo? Ungeniambia tu."

Mama Tausi akaanza kucheka na kulia kwa pamoja. Nafikiri hata mimi jicho lililowa.

Lakini Daktari Maburungutu alikuwa amevua miwani. Aliniuliza kwa mnong'ono, "Karani, hii ni bei gani?"

"Ya kweli, mheshimiwa."

"Ya kweli ya serikali?"

"Hapana, mheshimiwa. Ya kweli tu."

Akaagiza vitabu vyote vya ofisi viletwe, akaanza kupekua. Watu elfu themanini wamepita dirisha langu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kutaja bei ya muuzaji. Daktari akatoa leso, akajipangusa, kisha akamkumbatia Mama Tausi mbele ya watu wote, na mkono wa pili wa gauni ukaanguka.

"Mama," akasema, "unajua mita inapimwaje? Ipo mita moja ya kweli duniani, imefungiwa mahali, na nyingine zote zinapimwa kwa hiyo. Miaka kumi na moja iliyopita nchi hii ilinunua makabati sita ya kioo, ya kuwekea Vipimo vya Taifa vya Thamani. Yamekaa matupu mpaka leo kwa kukosa bei hata moja ya uhakika. Leo tumepata! Msema kweli ni mpenzi wa Mungu, na kuanzia sasa ni mali ya Jamhuri."

Tukapiga makofi. Ni sheria, mkubwa akisema "Jamhuri".

"Kwa hiyo naenda?" akauliza Mama Tausi.

*

Kabati la kwanza lilimtosha vizuri, hata lilikuwa na kiti. Lina taa na tundu dogo la hewa upande wa meza yangu. Bango la shaba lilikuwa tayari limechongwa tangu zamani, tukaongeza tarehe tu: GAUNI LA SHUGHULI, KIPIMO CHA TAIFA. Kwanza aligonga kioo kwa viganja. Baadaye akaacha, akaegemea, akawa anatazama mlango.

Saa tisa alasiri mlango ukafunguliwa. Wakaingia shangazi wote, ngoma zikiwa zimenyamaza, na katikati yao Tausi, bibi harusi, hina hadi viwiko, gauni jeupe linaburura sakafuni. Alikuwa amemkatalia shehe mbele ya watu: haolewi bila radhi ya mama yake, na kama mama haji, yeye atamfuata aliko. Binti mzuri, mwenye adabu, wa kuigwa. Akaniamkia kabla ya kusema lolote.

"Shikamoo baba. Nimekuja kuchukua radhi za mama yangu."

"Marahaba, mwanangu. Yule pale."

Akakimbilia kioo, akaweka kiganja chake, mama yake akaweka chake upande wa pili. Walilia hivyo kwa muda. Nami nikitazama huku na huku, macho yakaniangukia kwenye kabati la pili, tupu, safi, bango lake likisomeka GAUNI LA HARUSI. Na lile gauni jeupe, kwa jinsi lilivyokuwa na uzi mmoja unaning'inia kiunoni, hata kipofu angejua limetoka wapi.

Kazi ni kazi. Nikachukua fomu.

"Pole na hongera," nikamwambia. "Halafu hilo gauni ulilovaa, mwanangu, umelinunua kwa shilingi ngapi?"

Mama Tausi aliruka. Alipiga kioo kwa ngumi zote mbili, akapiga kelele mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Kioo ni kinene, watu waliona mdomo tu. Mimi peke yangu nilisikia, kwa kuwa tundu la hewa liko upande wangu.

"Danganya! Tausi, mwanangu, danganya! Sema lolote! Danganya!"

Tausi akageuka kwangu, macho yamejaa maji.

"Mama anasemaje, baba?"

"Anasema radhi zake zote ziko juu yako," nikamwambia.

Akatabasamu. Akajifuta machozi kwa ncha ya shela, akafungua mkoba wake mdogo mweupe, akaanza kutafuta risiti, asije akakosea hata senti.